Karatasi yangu ya figo ina majibu mawili. Nichukue lipi?

*Swali: Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala, mwanamume, miaka 52. Nina presha mwaka wa sita sasa, natumia amlodipini ya miligramu 5, na mgongo ukinisumbua msimu wa kupuliza salfa nameza diklofenaki. Mwezi uliopita nilipima figo kwenye maabara moja ya binafsi. Kriatinini imeandikwa 128. Chini yake kuna majibu mawili ya kasi ya figo kuchuja damu: "kwa Mmarekani mweusi" 64, na "kwa wengine" 55. Aliyenikabidhi karatasi alisema mimi ni mweusi, nichukue 64, na kwa kuwa imepita 60 basi figo ni nzima. Mpwa wangu anasomea uuguzi, yeye anasema nichukue 55, nina ugonjwa wa figo. Kweli figo za mtu mweusi zinachuja tofauti? Halafu wa duka la dawa kaniambia losartani haiwafai watu weusi. Nayo ni kweli?*

Ndugu yangu, 64 iache. Hata hiyo 55 usiishikilie sana. Kwa kanuni inayotumika sasa, ambayo haimuulizi mtu rangi yake, kriatinini ya mikromoli 128 kwa lita kwa mwanamume wa miaka 52 inatoa 58. Kwa hiyo mpwa wako yuko karibu zaidi na ukweli, ila naye amekimbilia kukupa jina la ugonjwa. Hakuna anayeambiwa ana ugonjwa sugu wa figo kwa kipimo kimoja. Lazima hali hiyo ionekane kwa muda unaozidi miezi mitatu, na mkojo nao upimwe, jambo ambalo kwenye maelezo yako silioni kabisa.

Unauliza figo za mtu mweusi kama zinachuja tofauti. Hapana. Chupa yako ya damu ilikuwa moja na mashine ilikuwa moja. Kilichozaa namba mbili ni hesabu iliyofanyika baada ya mashine kumaliza kazi.

Mashine haipimi figo, inapima kriatinini. Hii ni taka itokayo kwenye misuli. Misuli huizalisha kila siku kwa kiasi kisichobadilika sana, damu huibeba, figo huitoa kwa njia ya mkojo. Ni kama maji ya kwenye simtanki: ukikuta kina kimepanda, huwezi kujua kwa kutazama tu kama bomba la kuingiza limeongezwa nguvu au la kutolea limeziba. Kriatinini ikipanda, inawezekana figo zimechoka. Inawezekana pia una misuli mingi, au jana yake ulikula nyama nyingi, au unatumia dawa inayozuia kriatinini isitoke ilhali figo haina shida. Septrin hufanya hivyo, na doluteguraviri iliyomo kwenye dawa za kufubaza VVU hufanya hivyo pia. Ndiyo maana watafiti walitunga kanuni inayochukua kriatinini, umri na jinsia, ikakadiria figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika.

Rangi iliingia kwenye kanuni hizo nchini Marekani. Kanuni iliyochapishwa mwaka 1999 ilitokana na wagonjwa 1,628, na weusi kati yao walikuwa takriban asilimia 12. Watafiti waliona kwamba kwa kriatinini ileile, wagonjwa walioandikishwa kama weusi walikuwa na uchujaji mkubwa kidogo uliopimwa moja kwa moja. Badala ya kutafuta sababu ndani ya miili yao, waliweka kizidisho: akiwa mweusi, zidisha kwa 1.180, na kwenye toleo fupi la kanuni hiyo lililofuata kikawa 1.212. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba watu weusi wana misuli mingi zaidi, ingawa kanuni yenyewe haikuwa na kipimo chochote cha misuli. Kanuni ya mwaka 2009 ilipunguza kizidisho hadi 1.159, na hiyo ndiyo iliyokutolea majibu yako. Chukua 55, zidisha kwa 1.159, utaiona 64 inatokea.

Utauliza hesabu ya Wamarekani imefikaje Newala. Imekuja na programu. Mashine za maabara na programu za kuchapisha majibu huletwa zikiwa zimeshawekewa kanuni, na zitabaki nayo mpaka mtu aingie kwenye mipangilio aibadilishe. Mtaalamu wa maabara anayekuta mistari miwili huchagua ule unaoelekea kumhusu mgonjwa aliye mbele yake. Simlaumu sana huyo. Wenye kulaumiwa ni waliouza mashine huku na kizidisho cha kule, kana kwamba Mmakonde, Mmwera na mjukuu wa watumwa wa Mississippi wana mwili mmoja.

Huko Marekani kwenyewe kizidisho hicho kilikuwa na gharama. Mgonjwa huruhusiwa kuanza kuhesabiwa muda wa kungojea figo ya kupandikizwa uchujaji wake unapofika 20 au chini ya hapo. Mtu mwenye 18 kwa hesabu isiyo na rangi alionekana ana karibu 21 kwa sababu ya weusi wake, akaambiwa arudi baadaye, huku mwenzake mweupe mwenye damu ileile akianza kuhesabiwa. Mwaka 2021 jopo la vyama viwili vya wataalamu wa figo wa nchi hiyo lilipendekeza rangi iondolewe, na kanuni mpya ikachapishwa mwaka huohuo. Mwaka 2022 hospitali za upandikizaji zilikatazwa kutumia kanuni yenye rangi, na kuanzia Januari 2023 zilitakiwa kupitia upya orodha zao na kuwarudishia wagonjwa weusi muda waliopunjwa. Waliorudishiwa wamezidi 14,000. Sisi tulikuwa na wodi za rangi enzi za ukoloni, na zilifutwa hadharani, kila mtu akaona. Kizidisho kilikaa ndani ya programu, mgonjwa mwenyewe hakijui, na hicho ndicho kilichokifanya kidumu.

Nisikufiche upande wa pili. Kuondoa rangi hakukuifanya kanuni iwe kamilifu. Ukishusha namba, wapo watakaopunguziwa au kusimamishiwa dawa waliyokuwa wakiivumilia vizuri: metformini ya kisukari haitumiki chini ya 30 na haianzishwi kati ya 30 na 45, na tenofoviri ya VVU huangaliwa upya chini ya 50. Tena hata kanuni mpya ni makadirio. Kati ya watu 100, takriban 85 hadi 90 ndio ambao kadirio lao huangukia ndani ya asilimia 30 ya uchujaji halisi. Kwa hiyo 58 yako inaweza kuwa 45 kwa kweli, au 70. Ndiyo maana sikushauri utishike kwa namba hiyo, wala ulale nayo usingizi mnono.

Kwetu kuna jambo jingine linalosahaulika. Utafiti uliofanyika Malawi, Uganda na Afrika Kusini, ukachapishwa mwaka 2022, ulilinganisha kanuni hizi na uchujaji uliopimwa moja kwa moja kwa kuchoma dawa kwenye mshipa na kufuatilia inavyotoka mwilini. Kanuni za kriatinini zilionyesha figo ni nzima kuliko zilivyokuwa kweli, na kizidisho cha weusi kiliongeza kosa badala ya kulipunguza. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtu aliyekonda, au anayekula ugali wa muhogo na kisamvu na kuiona nyama kwenye shughuli na sikukuu tu, hutoa kriatinini kidogo. Figo zake zinaweza kuwa zimepoteza sehemu kubwa ya nguvu na kriatinini bado ikasomeka vizuri. Hiyo dhana ya misuli mingi ya mtu mweusi, ukiileta kwa bibi wa Nanyumbu mwenye kilo 44, inamficha ugonjwa wake mpaka miguu ivimbe.

Wewe mwenyewe unajijua. Kama ni mtu wa miraba minne na jembe limekujenga, 58 inaweza kuwa inakupunja. Kama umekonda, hasa kama umepungua mwaka huu, 58 inaweza kuwa inakupamba. Mwambie daktari uzito na urefu wako na unachokula, kwa sababu hayo yana maana kuliko rangi. Kipo kipimo kingine cha damu, sistatini C, ambacho hakitegemei sana misuli, lakini kwa kawaida hakipatikani maabara za wilaya, na uvimbe mwilini, uvutaji sigara na dawa za jamii ya kotikosteroidi hukivuruga. Si cha kukusafirisha leo.

Kabla sijaacha habari za rangi, kuna ukweli mmoja wa kibaiolojia ambao watu huuchanganya na hili. Zipo aina mbili za jini liitwalo APOL1 zinazoongeza hatari ya ugonjwa wa figo, na zimeenea zaidi Afrika Magharibi. Zilienea kwa sababu humsaidia mtu dhidi ya vimelea vya malale. Wamarekani weusi wengi wana asili ya huko, ndiyo maana zinaonekana kwao, ilhali Afrika Mashariki ni nadra zaidi. Jini hurithiwa kwa ukoo, halisomeki kwenye ngozi. Weusi wa Newala haumwambii daktari kama unalo.

Sasa losartani. Aliyekwambia haiwafai weusi ameshika kipande cha ukweli, akakipeleka pasipo pake. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 uliona kwamba dawa ya kundi jirani na losartani, lisinopril, ikitumika peke yake ilishusha presha ya wagonjwa weusi kidogo kuliko dawa ya kukojoza. Utafiti mwingine uliofanyika nchi sita za Afrika, majirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, wakiwemo, ulichapishwa mwaka 2019. Huo ulionyesha kwamba amlodipini pamoja na dawa ya kukojoza, au amlodipini pamoja na perindopril ambayo ni ya kundi lilelile la lisinopril, zote zilishusha presha vizuri kuliko kuziunganisha hizo mbili bila amlodipini. Kwa hiyo kuanza na amlodipini hukukosewa. Lakini kushusha presha ni kazi moja, kulinda figo inayovuja protini ni kazi nyingine. Wamarekani weusi wenye figo zilizoharibiwa na presha walipofuatiliwa kwenye utafiti mahususi, waliopewa ramipril, nayo ya kundi la lisinopril, figo zao zilidhoofika polepole kuliko waliopewa amlodipini, hasa wale wenye protini kwenye mkojo. Kwa hiyo mkojo wako ukionyesha protini ya kutosha, losartani, au enalapril ya kundi hilohilo la lisinopril, ni haki yako, na jibu la "wewe mweusi, haikufai" ulikatae kwa adabu. Ikianzishwa, kriatinini na potasiamu zipimwe baada ya wiki moja hadi mbili. Kriatinini kupanda kidogo, isizidi asilimia 30, inakubalika. Ikizidi hapo, daktari atasimamisha na kutafuta sababu. Usijianzishie dukani.

Jambo la haraka kuliko yote kwako lakini ni diklofenaki. Dawa hiyo na ndugu zake, ibuprofeni, piroksikamu, meloksikamu, hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo na kupandisha presha. Wewe unaimeza msimu wa salfa, ukiwa juani tangu alfajiri, jasho linakutoka, na maji shambani ni ya kubeba. Figo yenye kiu ikibanwa na diklofenaki huumia kwa siku chache tu. Inawezekana hiyo 128 ni sura ya wiki uliyopimwa, si hali yako ya kudumu. Iache kabisa, na sindano yake vilevile. Maumivu tumia parasetamo: vidonge viwili vya miligramu 500, mpaka mara tatu kwa siku, ukipisha saa sita au zaidi. Dawa za mitishamba za kusafisha figo nazo weka kando, kwa kuwa kiasi na mchanganyiko wake haujulikani, na baadhi zinaua figo moja kwa moja.

Halafu rudia vipimo. Kwa kuwa ulikuwa na diklofenaki mwilini, usingoje miezi mitatu kwa marudio ya kwanza. Yafanye baada ya wiki mbili hadi nne bila dawa hiyo, kisha tena miezi mitatu ikipita. Siku moja kabla usile nyama nyingi, usifanye kazi ya kuvunja mgongo, kunywa maji kama kawaida, na tumia maabara ileile ili namba zilinganike. Beba mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kijiti cha kuchovya ni mwanzo tu, omba uwiano wa albumini, yaani aina ya protini, na kriatinini kwenye mkojo. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni salama, 30 hadi 300 ni dalili ya figo kuanza kuvuja, juu ya 300 ni kuvuja kwingi. Mwenye 58 asiyevuja na mwenye 58 anayevuja 400 hawako safari moja hata kidogo. Wa kwanza huangaliwa mara moja kwa mwaka na anaweza kuzeeka bila shida ya figo. Wa pili anahitaji dawa sasa.

Pima pia sukari, VVU na homa ya ini B, maana zote huharibu figo kimyakimya. Kwa mtu wa Lindi na Mtwara naongeza ultrasaundi ya figo na kibofu, na hapa sibahatishi: kichocho cha mkojo kipo sana ukanda huu. Aliyeogelea mabwawani na mitoni utotoni anaweza kuwa na makovu kwenye mirija ya mkojo, mkojo ukarudi nyuma na kuijaza figo mpaka ivimbe. Ukiwahi kukojoa damu ujanani, hata kama wenzio wote walikojoa na ikaonekana ni kawaida ya kukua, mwambie daktari.

Presha yako hukuiandika. Ukiwa na figo inayotiliwa shaka, lengo ni chini ya 130/80 kama unaivumilia bila kizunguzungu, na juu ya 140/90 haikubaliki. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa kila kitu ulichokula, na ng'onda na korosho za chumvi zinahesabiwa humo. Ng'onda loweka, mwaga maji, rudia tena kabla ya kupika.

Ukirudi maabara, uliza kwa upole: kanuni mnayotumia ni ya mwaka gani? Wakisema 2021, karatasi itakuwa na jibu moja. Wakisema 2009 au hawajui, omba wakuandikie kriatinini na kizio chake tu, mikromoli kwa lita au miligramu kwa desilita, maana baadhi ya maabara hutumia hii na nyingine ile. Ukiwa na namba 1.45 usidhani imeshuka kutoka 128, ni kitu kilekile: 128 gawanya kwa 88.4. Daktari au mpwa wako ataiingiza kwenye kikokotoo cha simu kilichoandikwa 2021 na kupata jibu kwa dakika moja. Msimamizi wa maabara akitaka, fundi wa kampuni iliyouza programu anaweza kuubadilisha mpangilio huo bila kununua mashine mpya. Wakishaulizwa na wagonjwa watano hivi kwa mwezi, watabadilisha.

Yanayokutaka umwone daktari ana kwa ana, hospitali ya wilaya, wiki hii: presha inayozidi 160/100 mara mbili, mkojo wenye povu lisiloisha, uso kuvimba asubuhi au miguu jioni. Kriatinini ikirudi juu ya 150, au uchujaji chini ya 45, au albumini juu ya 300, omba rufaa, iwe Ndanda, iwe Ligula au hospitali ya kanda pale Mtwara. Siku hiyohiyo, bila kungoja asubuhi: mkojo kukauka au kuwa kidogo mno kwa siku nzima, pumzi kubana ukilala, kutapika kusikokoma, kuchanganyikiwa, au udhaifu wa miguu pamoja na mapigo ya moyo kwenda ovyo, ambao unaweza kuwa potasiamu imepanda. Na ukija kuanzishiwa losartani au dawa ya kukojoza kisha ukapatwa na kuhara au kutapika sana, simamisha hizo mbili mpaka uweze kula na kunywa, na upige simu hospitali ulikoandikishwa siku hiyo kuuliza lini uzirudie.